Muntu Anaimba Iko Wapi?

Papa, baba yangu mpendwa,

Jumamosi hii mume wangu amerudi nyumbani na mashine ya kaseti yenye spika mbili, zile tulizoziita bafle. Nimemwachia azipange mwenyewe, maana mwanaume mwenye mashine mpya haguswi. Moja kaipandisha juu ya kabati, karibu na dari. Ya pili kaisukuma nyuma ya kiti kirefu, uso ukutani. Kisha akabonyeza, akakunja mikono, akaniuliza, “Unasikia?” Nikamjibu kwamba nasikia kabati, nasikia na ukuta, ila mwimbaji simsikii. Amenuna. Nikainuka kuishusha ile ya juu, na mikono yangu ilipoishika tu, nikajiona niko katika salon, sebule yetu ya kambi ya wafanyakazi pale Shituru, nawe umesimama mbele yangu unaniuliza lile swali lako.

Basi bafle nimeiacha sakafuni, nimekaa mezani nakuandikia. Mume wangu anadhani naandika kwa hasira. Mwache adhani.

Unakumbuka siku ulipoileta gramafoni kutoka Lubumbashi? Ulishuka kwenye treni na suti yako ya abakosi iliyopigwa pasi, umekumbatia sanduku kifuani kana kwamba ni mtoto wa kubatizwa, na wenzako wa kazini nyuma yako na bafle mabegani. Kambi nzima ilitoka kutazama. Pale kambini palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga na kila mtu aliifuata: mwenye muziki anaugeuzia barabara. Bafle inawekwa dirishani, uso nje, ili avenyu yote ijue kwamba nyumba hii imepata. Wenye nyumba walibaki ndani wakisikiliza mgongo wa bafle, na hawakujali, kwa sababu utamu wa kitu ulikuwa jirani akijue. Mama alikuwa ameshafuma vitambaa vyeupe vya kuzifunikia. Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa ameshatoa kiti chake nje akisubiri.

Wewe ukafunga dirisha.

“Muziki haina ya barabara,” ulimwambia Mama. “Iko ya masikio.”

Mama Ngalula alirudisha kiti chake ndani, na nadhani hakukusamehe mpaka alipohamia Kolwezi.

Ndipo nyumba ikaanza kupinduliwa. Ulichukua chaki kwenye mfuko wangu wa shule, ukachora sakafuni pembetatu: bafle huku, bafle kule, na kiti cha msikilizaji mbele yake, mbali sawasawa na zote mbili. Miaka yote kiti chako kilitazama dirisha, mlango wa jikoni ukiwa mkono wako wa kulia, na hapo mlangoni Mama alikaa kwenye kibao chake akichambua majani ya sombe huku akikusimulia habari za mchana. Ili pembetatu yako ienee, kiti kikageuzwa kitazame ukuta wa ndani. Mlango wa jikoni ukahamia kushoto, na Mama na kibao chake pamoja nao. Hakuna aliyeona ubaya. Kugeuza kiti kuna ubaya gani?

Nakumbuka kila ulichonifundisha katika siku zile, Papa, na ninakitumia mpaka leo. Ulisukuma bafle kwenye kona, ngoma ikavimba hadi vikombe vikalia kabatini. Ukazivuta mbele kidogo, mbali na ukuta, ngoma ikatulia. Zilipokuwa sakafuni sauti ilitufikia magotini, ukazipandisha juu ya matofali mpaka midomo yake ikawa sawa na masikio ya mtu aliyekaa. Zilipotazama mbele moja kwa moja kulikuwa na shimo katikati. Ukazigeuza kidogo, zimwangalie msikilizaji. Halafu ukaniweka mimi kwenye kiti.

“Mado, funga macho. Muntu anaimba iko wapi?”

Nikanyosha kidole. Sikunyosha kuume wala kushoto. Nilinyosha mbele yangu kabisa, kwenye kabati la vikombe, ambako hakukuwa na bafle wala mtu. “Pale! Papa, iko pale mu bikombe!” Nilifungua macho nikaogopa, nikaenda kuchungulia nyuma ya kabati. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Ukanionyesha kwamba nikisogeza kichwa kidogo tu upande mmoja, yule mtu anahama na kukimbilia bafle iliyo karibu. Nikirudi katikati, naye anarudi. Kwangu ulikuwa muujiza mkubwa kuliko yote ya katekisimu. Wadogo zangu walipiga foleni kukaa pale, na kila mmoja ulimwuliza swali lile lile, na kila mmoja alinyosha kidole kwenye vikombe.

Siku moja nikakuuliza, “Na weye, Papa? Weye unamusikia wapi?”

Ulikaa, ukafunga macho, ukanyosha kidole kwenye bafle ya kulia.

Hapo vita vyako na bafle ya kushoto vikaanza. Ulisema ni dhaifu. Ukabadilisha nyaya, dhaifu bado ikawa ya kushoto. Ukabadilisha bafle zenyewe, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na ile uliyokuwa ukiisifu jana ikawa dhaifu leo. Mwisho ukautuhumu ukuta. “Hii ukuta ya huku iko nakula sauti,” ulisema, ukaugonga kwa ngumi, na Mama Ngalula akagonga upande wake kukujibu. Sisi watoto tulikuambia zote mbili zinalia sawasawa. Hukutuamini.

Kumbe kilichokuwa kinaliwa hakikuwa sauti ya bafle peke yake.

Unamjua Mama. Sauti yake iko chini, hata akikasirika haipandi. Jioni alikuambia kutoka mlangoni, “Baba Mado, bukari iko tayari,” nawe ukabaki unatazama bafle. Alikuambia habari za mtoto mwenye homa, habari za Misa, habari za kaka yake, nawe kimya. Alijaribu siku ya kwanza, ya pili, juma zima, halafu akaacha. Nilimwona akiacha. Alianza kusema na sombe yake. Nawe uliporudi kazini ulikaa, ukaweka santuri, ukainamisha kichwa, na nyumba yetu iliyokuwa na kelele ikawa kama nyumba ya wapangaji wasiojuana.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na Mama aliujua msemo huo. Mama Ngalula naye hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake ajikumbushe. “Bwana akileta mashine mupya ku nyumba,” alimwambia Mama kwenye bomba la maji, nami nimeshika ndoo, “bibi mupya iko mu njia.” Mama alifunga bomba. Usiku ule hakulia wala hakugomba. Kesho yake tu nikakuta sanduku lake limetoka chini ya kitanda, na pagne zake, vile vitenge vyake vyote, zimekunjwa vizuri ndani yake.

Papa, sijawahi kuogopa hivyo tena, hata wakati wa kuzaa. Nilijua mambo yanavyokwenda. Mama angerudi kwao Kambove, kwa kaka yake, na mimi binti mkubwa ningemfuata ili nimsaidie. Wadogo zangu wangebaki kwako, kwa sababu watoto ni wa baba, na yule mwanamke asiyeonekana wa Mama Ngalula angekuja kuwapikia. Nilikuchukia. Nilikaa kwenye kile kiti cha katikati ukiwa kazini, gramafoni imezimwa, nikaona kwamba hicho ndicho kiti kilichotuharibia.

Jumapili, baada ya Misa, Mujomba Kalenga akafika kutoka Kambove na mfuko wa karanga na uso wa kazi. Ulimpokea kwa furaha, maskini wee. Ukakaa kwenye kiti chako, naye akakaa upande wa Mama, kushoto kwako, kama inavyompasa aliyekuja kumsemea dada yake. Na kwa kuwa ukuta ule ulikuwa mmoja na wa Mama Ngalula, mambo mazito katika nyumba zile yalisemwa kwa sauti ya chini sana, macho sakafuni. Mujomba aliyafuata hayo yote. Nawe, kwa heshima ya kaka wa mke wako, ukainamisha macho pia. Midomo yake hukuiona.

“Mulamu,” alisema Mujomba taratibu, akikuita kama shemeji anavyoitwa, “dada yangu anasema haumujibu tena. Kama umemuchoka, useme. Minye nitamurudisha ku nyumba ya baba yetu, pasipo makelele.”

Ukakaa kimya, macho chini.

Akarudia. “Mulamu. Umemuchoka?”

Hukuinua macho. Nje watoto walikuwa wanavuta gari lao la makopo barabarani. Mama akatikisa kichwa, akaingia chumbani. Na wewe, Papa wangu, ukainua macho, ukaona mgeni amekaa bila neno, ukafikiri tumempokea vibaya. Ukatabasamu, ukainuka, ukachagua santuri yako bora, ukaiweka.

Mpaka leo ndugu zangu wakikutana lazima mmoja amwigize Mujomba alivyoruka kwenye kiti.

“Tuko nasema juu ya ndoa ya dada yangu, na weye unatia diski?”

Nadhani hilo hata Kambove walilisikia. Uliduwaa. “Ndoa?” ulisema. “Nani alisema juu ya ndoa? Minye niko nangojea museme, na mweye munanyamaza tu!”

Mujomba alikuwa anatafuta kofia yake. Mama akatoka chumbani na sanduku mkononi. Ili aufikie mlango wa mbele ilimbidi apite kati yako na bafle, atokee mkono wako wa kulia. Hapo akasimama. Gitaa linalia, Mujomba anafoka, na yeye akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, “Bakia muzuri, baba Mado.”

Uligeuka mara moja. “Unaenda wapi?”

Mama aliganda. Nilimwona anakutazama, anatazama bafle, anatazama kile kibao chake mlangoni. Akarudi nyuma yako, akasimama kushoto, akasema kwa sauti ile ile, “Baba Mado, unanisikia?” Wewe ukaendelea kumtazama Mujomba na kofia yake. Akazunguka tena kulia. “Baba Mado, unanisikia?”

“Nakusikia muzuri! Juu ya nini unanizunguka?”

Akaweka sanduku chini. Akakushika mabega, akakukalisha, na kwa nguvu ambazo sikujua anazo akakigeuza kiti pamoja nawe, ukazipa bafle mgongo. Gitaa likiendelea, akakuuliza, “Bafle yenye haina na nguvu, ni ile gani?”

Ulisikiliza. Ukanyosha kidole nyuma yako, kwenye ile uliyokuwa unaisifu. Halafu uso wako ukang'aa. “Ile ingine imepona! Mado, bafle imepona!”

“Haina bafle,” alisema Mama. “Iko sikio yako.”

Ulitia kidole katika sikio la kulia. Ukakaa hivyo. Mdomo wa Mujomba ulikuwa unakwenda, wa Mama ulikuwa unakwenda, na mimi niliona machoni mwako kwamba umebaki peke yako mahali fulani. Ukatoa kidole. Ukasema polepole, na ni hapa ndipo Mama alipokaa chini sakafuni, “Minye nilifikiri umekasirika juu ya ile mashine. Kila siku nilikuwa nasema mu roho: bibi yangu amenichoka, hasemi tena na minye.”

“Nilikuwa nasema,” Mama alijibu. “Kila siku nilikuwa nasema.”

Ndiyo hivyo tu, Papa. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na dharau, hapakuwa na kitu. Kiti kiligeuzwa, na watu wawili waliopendana wakakaa juma baada ya juma kila mmoja akiomboleza ukimya wa mwenzake. Mujomba alicheka hadi akakohoa, akarudisha kofia msumarini, akaomba chakula. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, lakini kilio cha kuteremsha mzigo, kile kinachokuacha na njaa. Nilikula bukari siku hiyo kuliko watu wazima.

Daktari alimulika, akasema sikio la kushoto limekufa zamani. Labda surua ya utotoni, labda makelele ya mashine za kusagia mawe, nani ajuaye. Kazini mlikuwa mnasemezana kwa mikono tangu ujana wenu, kwa hiyo hakuna wa kukugundua. Ulirudi umechangamka kuliko ulivyokwenda. Mtu mwingine angesikitika kwa sikio. Wewe ulisema umepata mke.

Kiti chako ukakitoa katika pembetatu. Ukakiweka kando, mlango wa jikoni mkono wa kulia, kibao cha Mama karibu mpaka magoti yenu yakagusana. Zile pagne zilizokuwa ziende Kambove, Mama alizitoa sandukuni akazitundika kwenye ukuta wa nyuma, kando ya dirisha, kwa sababu ulikuwa umelalamika kwamba ukuta wa saruji unarudisha sauti kali. Sauti ikalainika kweli. Wageni waliuliza kama tunauza nguo.

Na pale katikati ukaweka kiti kingine, cha watoto. Hilo sikulielewa nilipokuwa mdogo. Mtu aliyehangaika vile, aliyechora sakafu, aliyefunga dirisha mbele ya kambi nzima, alijua sasa kwamba yule mwimbaji wa katikati hatamsikia kamwe. Hata hivyo uliendelea kuzisogeza zile bafle, kidogo huku, kidogo kule, huku unatuuliza, “Muntu anaimba iko wapi?” Tukinyosha kidole kwenye vikombe ulitikisa kichwa kwa kuridhika, ukarudi kwenye kiti chako cha kando. Uliamini vidole vyetu. Mara nyingi nimefikiria imani hiyo, hasa siku ninapopata shida ya kumwamini mtu.

Usijifanye malaika, lakini. Sikio lile lililokufa ulilitumia vizuri. Mama akianza maneno ya masomo yetu au ya pombe ya Mujomba, ulijigeuza taratibu kwenye kiti ukampa kushoto. Naye aliinuka na kibao chake, akazunguka, akakaa kulia, akaanza upya tangu neno la kwanza. Alizunguka hivyo mpaka mkazeeka.

Sasa nikuambie jambo ambalo labda hulijui, kwa sababu ulikuwa umefumba macho.

Siku yako ya mwisho, hospitalini, kitanda chako kilikuwa kimesukumwa ukutani, kama vitanda vyote vya chumba kile. Muuguzi alikuwa mama mpole. Alituambia, “Papa haitiki tena tangu asubuhi. Museme naye tu, lakini hasikii.” Tukapiga magoti, sote, upande uliokuwa wazi. Nilikuambia yote niliyokuwa nayo. Wadogo zangu wakakuambia yao. Uso wako haukusogea, na nikasema moyoni, tumechelewa, ameondoka bila kutusikia.

Mama akafika kutoka kanisani. Hakulia. Alisimama mlangoni akakitazama kitanda, akautazama ukuta, na nikamwona ana uso ule ule wa Jumapili ya sanduku.

“Mugeuze kitanda,” alisema.

Tulikuwa tumekulilia kwenye sikio lililokufa, Papa. Watoto wako mwenyewe, tuliolelewa na zile bafle! Tukakivuta kitanda, tukakigeuza, kichwa kikaenda upande ilikokuwa miguu. Ukuta ukabaki kushoto. Mama akainama kulia kwako, akasema kwa sauti yake ya chini, “Baba Mado. Minye iko wapi?”

Mkono wako ukainuka kutoka kwenye blanketi. Mimi nilijua utakakonyosha, maana maisha yako yote kila sauti kwako ilikuwa ya kulia. Kidole chako kikapita upande wa Mama, kikasimama mbele yako, katikati kabisa, pale ambapo sisi tulimsikia mwimbaji.

Tukarudia kukuaga, mmoja mmoja, upande wa sikio, na kila aliyesema ulimfinya mkono. Nimeishi kwa wepesi tangu siku ile. Nikisikia watu wakijuta kwamba wazee wao waliondoka bila neno, ninanyamaza, nisije nikaonekana najivuna.

Mume wangu amechoka kuninunia, sasa ananiuliza zile bafle zikae wapi. Nitamkalisha nimfumbe macho. Mama anakusalimu, ana kibao chake hapa kwangu, na bado akija kusema nami anazunguka kwanza upande wa kulia, ingawa masikio yangu yote mawili ni mazima.

Lala salama, Papa, lakini lala kwa ubavu wa kushoto, sikio la kulia libaki juu.

Binti yako mkubwa,
Mado